Kichwa Kisicho na Liwa

Bibi kizee aliingia kituoni bila kubisha hodi, akaketi kwenye kiti cha Inspekta, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sari yake, na ndipo alipouliza, "Mkubwa wa hapa ni nani?"

Inspekta Poongodi alikuwa amesimama dirishani na kipande cha idli, mkate laini wa mchele, mkononi, chatne ya nazi ikimdondokea kidoleni. Alimeza upesi.

"Ni mimi, bibi. Na hicho ulichokalia ni kiti changu."

"Kizuri. Kina mto." Hakunyanyuka. "Nimepanda basi tangu alfajiri, nimesimama njia nzima, magoti yamenigomea. Wewe bado kijana, kaa pale kwenye benchi."

Sajini Arokiam, aliyekuwa kwenye benchi hilo, alicheka ndani ya kikombe chake cha chai na kusogea kumpisha bosi wake. Poongodi alikaa. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja chini ya mlima wa Velmalai, hatua chache kutoka pale ngazi za hekalu zinapoanza, na kelele za wauza maua na wavunja nazi ziliingia dirishani kana kwamba nazo zilikuja kutoa taarifa.

"Nimekuja kwa sababu ya mume wangu," bibi alisema. "Mimi naitwa Rakkammal, wa Manalpatti."

"Amepotea?"

"Sijui kama amepotea. Ningejua nisingekuja kwenu."

Arokiam alichukua kalamu. "Jina lake?"

Bibi Rakkammal alitazama dari. Arokiam akarudia. Bibi akafunga miwani yake na kuifungua tena.

"Ni la huyo wa juu," alisema mwishowe.

"Wa juu wapi?"

"Mlimani, wewe! Huyo ambaye unakula mshahara chini ya miguu yake."

"Mungu Murugan?"

"Jina lake jingine."

"Kandasami? Shanmugam? Senthil?" Kila jina bibi alitikisa kichwa, na Arokiam, ambaye ni Mkristo na hakuwa na akiba kubwa ya majina hayo, akaanza kuishiwa. "Bibi, si ulitaje tu?"

"Na wewe mkeo anakutaja jina mbele za watu?"

"Ananitaja mbele za watu, nyuma ya watu, na majirani wote wanasikia."

"Pole yako. Ni yule anayeshika mkuki."

"Velayudham," alisema Poongodi.

"Huyo huyo," bibi aliitika, akashusha pumzi kama mtu aliyeondolewa jiwe mguuni.

"Nusu ya wanaume walioko mlimani leo wanaitwa Velayudham," Arokiam aliguna.

"Wa kwangu sikio la kushoto halina ncha. Fahali alilichana. Haya, andika."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kila mwaka mzee Velayudham alikuja Velmalai kwa miguu na wanakijiji wenzake, kavadi begani, ule upinde wa mbao uliopambwa kwa manyoya ya tausi. Mwaka huu alifuatana na mwanawe, Masilamani. Sherehe kubwa ikapita, wenzao wakarudi, wao wawili hawakurudi. Masilamani alipiga simu akasema baba ameweka nadhiri ya kubaki mlimani kufagia ukumbi wa chakula, naye anabaki kumwangalia.

"Nikisema nipe baba yako, ananiambia yuko juu," bibi alisema. "Nikipiga jioni kwa simu ya jirani, amelala. Nikipiga asubuhi, anaoga. Kila asubuhi anaoga! Mwanamume yule nimeishi naye tangu nywele zangu nyeusi, maji ya asubuhi anayaogopa kuliko nyoka."

"Mwanao unamwamini?"

"Ni mtoto mzuri. Watoto wazuri ndio wanaodanganya wazazi wao vizuri." Akarekebisha miwani yake. "Mjukuu wangu Ponni, binti yake, anaolewa mwezi huu. Mimi ndiye nitakayewasha taa na kumvika maua. Sasa nami nataka kujua, nitaiwasha kama nani?"

Poongodi hakuhitaji kuelezwa. Alitazama uzi wa ndoa uliopakwa manjano shingoni mwa bibi, na alama nyekundu kwenye paji la uso wake. Taa ya harusi huwashwa na mke ambaye mumewe yu hai, haiwashwi na mjane.

"Na kuna jingine," bibi aliendelea. "Mlima huu sijaupanda hata mara moja. Yeye huja, mimi hubaki na ng'ombe. Leo nimempa jirani ng'ombe, nimekuja. Nataka kupanda. Lakini huko hakupandwi na msiba. Mwaka mzima mtu haupandi. Nikipanda na unajisi wa msiba nitakuwa nimemkosea huyo wa juu, na sitaki kuanza naye vibaya. Kwa hiyo niahidi jambo moja. Kabla sijakanyaga ngazi ya kwanza, utaniambia ulichokipata. Kikiwa kizima au nusu. Kikiwa cha kunivunja pia. Usinionee huruma."

Arokiam alikohoa. Polisi huandika, huuliza, hupeleleza. Hawaahidi.

"Nakuahidi," alisema Poongodi.

Bibi Rakkammal alimtazama kwa muda, kama anayepima nguo kabla ya kununua. Kisha akainuka kwa kushika meza. Alisema anakwenda kuoga kwenye bwawa la hekalu na kubadili sari, halafu atawangoja pale kwenye ngazi.

*

Hawakupata shida kumpata Masilamani. Simu yake ilijibu mara ya kwanza, na nyumba ya wasafiri ya jamii ya wafumaji ilikuwa mtaa wa nyuma ya bwawa. Walimkuta uani akianika shuka nyeupe. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa macho, kichwa kimenyolewa.

Hilo halikuwa ajabu. Velmalai watu huja kumpa mungu nywele zao, na siku hiyo hapo uani tu palikuwa na vichwa vilivyonyolewa vya kutosha: baba mmoja na mabinti zake, vijana waliolala kivulini, mama aliyekuwa akifua. Vichwa vyao vyote vilikuwa vya manjano, vimepakwa liwa ya msandali iliyokaukia jua.

"Mama yako yupo mjini," Poongodi alisema.

Shuka ilimponyoka Masilamani. Aliiokota, akaikung'uta, akaitundika tena, polepole.

"Amekuja na nani?"

"Na miguu yake. Baba yako yuko wapi?"

"Juu. Anafagia ukumbi wa chakula."

"Tumwite."

"Hana simu."

"Basi twende wote ukamwite."

"Magoti, Afande. Tumetembea kutoka Manalpatti."

"Mama yako naye analalamika magoti, na anakwenda kwenye ngazi sasa hivi," alisema Arokiam.

Masilamani alikunja ukingo wa shuka. "Mwambieni asipande jua hili. Mwambieni nitakuja kumchukua."

Yule mama aliyekuwa akifua alikausha mikono, akaja na kipande cha jani la mgomba. Juu yake palikuwa na kijiko cha mchanganyiko wa hekalu: ndizi, sukari guru, samli, asali. "Kaka, chukua. Tumeshuka sasa hivi, ungali na baridi ya huko juu."

"Asante, dada. Nina sukari, daktari amenikataza."

Mama yule akawageukia polisi. Poongodi alipokea kwa mkono wa kulia, akala. Arokiam, kanisa lake lisimwone, alikula pia na kulamba jani.

"Umekuwa na sukari muda mrefu?" Poongodi aliuliza.

"Kidogo."

Poongodi aliangalia kikombe cha chai kilichokuwa ukingoni mwa baraza, pembeni ya sabuni ya Masilamani. Chini kabisa sukari ilikuwa bado haijayeyuka, na siafu walikuwa wameshapanga foleni. Alimtazama tena mwanamume yule: kichwa, paji, mdomo.

"Ulikuwa na masharubu?" aliuliza.

"Nilikuwa nayo."

"Yalikuwa mazuri?"

"Mke wangu aliyapenda," alisema Masilamani, na kwa mara ya kwanza alikwepa macho yake.

*

Walivua viatu kituoni, wakapanda; bibi alikuwa hajarudi bado kutoka bwawani. Jiwe lilikuwa limeshapata joto, na Arokiam alikuwa akirukaruka kama mtu anayekanyaga makaa, huku vikongwe wakimpita taratibu na kumcheka.

"Afande, pamoja na heshima zote, kuna gari la kamba linalopanda dakika chache tu."

"Mzee wa sikio lililokatika angepanda kwa ngazi. Uliza watu njiani."

Aliuliza. Aliuliza wauza maji, waliokaa kupumzika, mama aliyeuza kafuri, mpaka mtu wa bendi aliyekuwa akiburuta ngoma yake. Wengine walikumbuka wazee ishirini, wengine hawakukumbuka hata mmoja. Karibu na kilele, mlinzi wa lango aliposikia jina na ufagio, alisema, "Velayudham? Yuko ukumbini sasa hivi. Mzee mtiifu kweli."

Arokiam aligeuka, uso wote meno. "Si nilisema? Tumeteswa na jua bure! Ngoja nimpigie bibi simu."

"Hana simu. Na usimpigie mtu bado."

Ukumbini mamia ya watu walikuwa wamekaa chini kwa mistari, wali na mchuzi wa dengu ukimiminwa kwenye majani ya migomba mbele yao. Kando ya mlango alikuwepo mzee mwembamba mwenye ufagio mrefu kuliko yeye. Arokiam alimfuata kwa furaha, akamwamkia, akainama kumtazama sikio la kushoto. Akazunguka, akamtazama la kulia. Yote yalikuwa mazima.

"Unatafuta nini humo, mwanangu?" mzee aliuliza. "Nta?"

"Wewe ni Velayudham?"

"Tangu kuzaliwa."

"Wa Manalpatti?"

"Wa mtaa wa pili hapo chini. Mke wangu hataki nikae nyumbani mchana, anasema namhesabia vijiko vya mafuta. Kwani nimefanya nini?"

"Kuna mzee mwingine anayefagia hapa? Aliyebaki baada ya sherehe?"

"Angekuwepo ningemwachia ufagio, nikalale."

Arokiam alirudi akiwa ameshusha mabega. Poongodi alishaingia kwenye foleni ya hekalu, kwa sababu kuhani anayepokea matoleo asubuhi hakai pengine popote ila mbele ya mungu. Foleni ilikwenda kama maji kwenye mfereji mwembamba. Ilipofika zamu yake, taa ziliinuliwa, Murugan akaonekana ndani kabisa, mdogo, mweusi, amevikwa hariri na maua mpaka shingoni, mkuki umeegemea bega lake. Poongodi aliunganisha viganja. Kisha mkono wa nyuma ukamsukuma kwa adabu, naye akajikuta nje kwenye mwanga, majivu matakatifu kiganjani, mbele ya kuhani aliyejifuta jasho kwa kitambaa chekundu.

"Msafara wa Manalpatti," alisema Poongodi. "Unaukumbuka?"

"Manalpatti, wale wanaoimba vibaya. Nawakumbuka. Walileta kadi ya harusi."

"Ya Ponni?"

"Ya binti fulani. Kadi ya kwanza, kama desturi, kabla hawajamwalika mtu yeyote. Niliiweka miguuni pa bwana wetu." Kuhani alikunja kitambaa. "Nilishangaa kidogo. Kadi ya kwanza huletwa na baba. Baba akiwa hai, akiwa na miguu, haachi kuja. Hii ililetwa na jirani. Nikamwambia, baba wa bibi harusi yuko wapi? Akasema yuko chini, anangoja. Nikamwambia, ametoka kwao mpaka chini ya mlima, na hapa pamemshinda?"

"Akasema nini?"

"Akaangalia vidole vyake vya miguu."

Poongodi alishukuru. Walikwenda kukaa kwenye ukuta mfupi upande wa mashariki, ambako upepo hupita na tumbili hukaa wakingoja mtu asahau ndizi. Chini, bwawa la hekalu lilionekana kama sahani. Karibu nalo palikuwa na paa la nyumba ya wafumaji.

"Amekufa," alisema Poongodi.

Arokiam aliacha kujipangusa nyayo. "Nani kasema?"

"Mwanawe. Ametuambia yote, ila hakutumia mdomo. Angalia. Mtu akitoa nywele kwa nadhiri, kichwa kinapakwa liwa pale pale, kisha anapanda kujionesha kwa mungu aliyempa nywele hizo. Masilamani kichwa chake kikavu, na hajapanda. Masharubu yake mazuri ameyanyoa pia. Kwetu mwanamume huyanyoa pamoja na nywele siku anapomchoma baba yake."

"Wengine huyanyoa hata kwa nadhiri."

"Ndiyo maana sikutosheka na masharubu. Ile tamu ya hekalu, aliikataa kwa sababu ya sukari. Na chai yake ina sukari ya kusimamisha kijiko. Aliyefiwa hapokei kitu kilichotoka madhabahuni. Halafu kadi ya binti yake mwenyewe anampa jirani aipandishe." Poongodi alimfukuza tumbili aliyekuwa akinyemelea kofia yake. "Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kuficha kichwa cha mfiwa. Nani atakitazama mara mbili? Alichagua vizuri. Kilichomshinda ni ngazi."

Arokiam alifikiri. "Kwetu mtu akifiwa ndipo kanisa linapomwona, hata yule wa Krismasi kwa Krismasi."

"Sisi hapana. Masilamani anaweza kumdanganya mama yake, mimi, na wewe. Huyo aliye nyuma yetu hawezi kumdanganya."

"Basi ni mtu mwaminifu."

"Ni mtu mwaminifu aliyechoma maiti bila daktari kuiona. Hilo ndilo ninalotaka kujua. Twende, tushuke na gari la kamba, ili bibi asituone kabla hatujapata habari kamili."

*

Safari hii Masilamani alikuwa amekaa barazani, mikono magotini, kama aliyekuwa akiwangoja. Poongodi alikaa kando yake.

"Alifia wapi?"

Mwanamume alitazama uani, hakukana. Sauti yake ilipotoka ilikuwa tulivu.

"Njiani. Tulikuwa tumekaa kupumzika. Alisema kifua kinambana, akaniomba maji. Nilikimbia kuchota. Niliporudi alikuwa ameegemea kavadi yake, nikadhani amesinzia." Akajifuta kichwa kwa kiganja. "Kulikuwa na mto. Tulimchoma huko. Wenzangu waliapa kunyamaza mpaka Ponni aolewe."

"Mto gani? Wenzako ni nani? Nani alimwona akiwa hai mara ya mwisho, zaidi yako?"

"Unadhani nilimuua baba yangu?"

"Nadhani unasema kweli. Lakini kudhani hakuniruhusu kufunga faili. Nataka mahali, na nataka majina, kabla mvua haijaosha na watu hawajasahau."

"Nitakupa," alisema Masilamani. Aligeuka kumkabili. "Kila jina. Nitakupeleka mwenyewe mpaka ukingoni mwa mto, leo hii, na nitatia sahihi yangu. Ila mwache mama apande kwanza. Apande, ashuke, arudi nyumbani, awashe taa ya Ponni. Baada ya harusi nitamwambia mwenyewe, na unifunge ukitaka."

"Nimeshamuahidi."

"Umemuahidi nini? Kumnajisi?" Hakupandisha sauti. "Muulize kuhani yeyote, Afande. Unajisi wa msiba unaanza siku mtu anapousikia. Asiyesikia hana. Mama yangu ni safi kama maji ya bwawa, anaweza kupanda mpaka mbele ya Murugan, na hakuna kosa hata la punje. Wewe ndiye utakayemchafua. Kwa mdomo wako. Kwenye ngazi ya kwanza ya mlima aliongoja maisha yake yote."

Poongodi aliona kwamba ni kweli. Ndivyo ilivyo sheria, na alikuwa akiijua tangu utoto.

"Unajua watamweka wapi siku ya harusi?" Masilamani aliendelea. "Kama harusi yenyewe itakuwepo. Chumba cha nyuma, na magunia ya mchele, ili bibi harusi asianze siku kwa kumtazama mjane. Mama yangu! Yeye ndiye aliyemfundisha Ponni kutembea. Nilitaka awe mbele siku moja tu. Hilo ndilo kosa langu, liandike." Akainuka. "Na ukimwambia, kwangu hupati neno. Hata jina la mto."

Nje, mlangoni, Arokiam alimshika bosi wake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote walizofanya kazi pamoja.

"Afande, mpe bibi leo tu. Apande, amuone mungu wake, ashuke, umwambie jioni. Faili linapona, mlima haumpiti. Nani anaumia?"

"Aliniomba nisimwonee huruma."

"Alisema hivyo kabla hajajua kilichopo."

"Ndiyo maana alisema kabla, Arokiam. Alijua baadaye hatapata nafasi ya kusema."

Arokiam aliachia mkono. Alitazama mlima, akatazama nyayo zake. "Bosi wa wilaya atakuuliza mashahidi wako wapi."

"Atauliza."

"Utasema nini?"

"Nitasema sina."

*

Bibi Rakkammal alikuwa amebadilika. Alivaa sari ya kijani yenye ukingo wa dhahabu uliofifia, nywele zake zilizolowa amezifunga, asmini zimezunguka fundo. Alisimama mbele ya kijumba cha Pillaiyar, yule mungu mwenye kichwa cha tembo anayesalimiwa kabla ya kupanda, mkono mmoja ameshika ukingo wa ngazi. Nyuma yake foleni ya mahujaji ilikuwa ikianza kusongamana. Alipomwona Poongodi, alitabasamu.

"Nimemaliza kumsalimu kaka yake wa tumbo kubwa. Naona ni mkarimu. Haya, umempata?"

Poongodi aliona, pembeni, kati ya wauza maua, Masilamani amesimama. Alikuwa amekuja mbio, akihema. Alimtazama Poongodi tu, akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayeomba maji.

Mguu wa bibi ulikuwa umeinuka tayari, unyayo wake hewani juu ya jiwe.

"Bibi," alisema Poongodi. "Usikanyage."

Mguu ulibaki hapo. Kisha ukashuka ardhini, taratibu, kando ya mwenzake.

"Nzima au nusu?"

"Nzima. Amefariki. Njiani, wakija huku. Mwanao alikuwa naye. Alibanwa na kifua, akaegemea kavadi yake. Wamemchoma kando ya mto. Mto gani sijui, na sidhani kama nitaambiwa."

Bibi Rakkammal alisikiliza mpaka mwisho. Aliangalia ngazi zilizopanda, zikapinda, zikapotea kati ya miti, na watu wadogo wakitembea juu yake.

"Ungeweza kuningoja nishuke," alisema.

"Ningeweza."

"Nisingekuwa na unajisi. Nisingekuwa nimesikia."

"Ndivyo alivyosema mwanao."

"Ana akili, yule." Alivuta pumzi. "Angenidanganya mimi, ningemsamehe. Mtoto ni wangu. Lakini kufika mbele ya huyo wa juu kwa kudanganywa, halafu nikae naye siku zangu zote zilizobaki nikijua kwamba alikuwa anajua..." Alimgeukia Masilamani, akamtazama kichwa kwa muda mrefu. "Njoo hapa. Nani amekunyoa namna hii? Amekukata nyuma ya sikio."

Masilamani alikuja. Mama yake alimgusa pale nyuma ya sikio kwa kidole kimoja, na mwanamume yule, aliyekuwa mtulivu siku nzima, akaketi chini ya ngazi na kufunika uso.

"Bibi, panda basi!" kijana mmoja wa kichwa cha manjano alipaza sauti kutoka katikati ya foleni, kavadi ikimlemea begani. "Tunaungua jua huku!"

"Piteni, wanangu," alisema Bibi Rakkammal. Sauti yake ilisikika mpaka kwa wauza nazi. "Piteni. Mimi nimefiwa na mume wangu."

Kelele zilikatika pale karibu. Yule kijana aliteremsha kavadi yake. Watu waliokuwa nyuma yake walisogea upande mmoja, bila kuambiwa na mtu, wakaacha nafasi pana kumzunguka, na wengine wakainamisha vichwa walipompita. Kati yao huenda walikuwemo watu wa kijiji jirani na Manalpatti. Kabla ya jua kuzama habari ingefika kwa Ponni, na kwa wakwe zake.

Arokiam alitoa daftari lake, akalitazama, akalirudisha mfukoni.

Bibi alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Poongodi juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikuwa na nguvu.

"Nisaidie nigeuke, mwanangu," alisema. "Magoti yalikuwa yameshajipanga kupanda."

Poongodi alimshika mabega yote mawili, akamgeuza kidogo kidogo, mpaka mlima ukawa nyuma yake.